Nyumba ya Magurudumu: Tuunde Mpya au Tufufue Kuukuu?

Familia ya askari haihitaji kufundishwa maana ya kuhama. Leo kambi hii, kesho kambi ile, na vyombo hufungwa kabla watoto hawajazoea majirani. Huenda ndiyo sababu mtu atajwaye kuwa wa kwanza kujengewa nyumba ya kukokotwa kwa ajili ya matembezi alikuwa amelitumikia jeshi. Huyo ni William Gordon Stables, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Nyumba yake, iliyojengwa mwaka 1885, ilivutwa na farasi wawili.

Siku hizi nyumba ya namna hiyo huitwa karavani, na huvutwa na motokaa. Huko Australia wastaafu wengi huizunguka nchi yao kubwa kwa karavani. Asiyemudu bei ya mpya hubaki na njia mbili: kuunda kwa mikono yake, au kununua kuukuu na kuifufua. Wengi hudhani uamuzi huo ni wa seremala peke yake. Kumbe karani naye ana neno.

Tuanze na mwenye kuunda. Tangu tarehe 1 Julai 2021, trela jipya nchini humo sharti liingizwe kwanza katika daftari la taifa la magari yaliyoidhinishwa, ndipo jimbo liliandikishe na kulipa kibati cha namba. Sharti liwe na namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, pamoja na bamba lionyeshalo uzito lililoruhusiwa kubeba. Upana wake usizidi mita 2.5. Trela dogo la ekseli moja, ambalo magurudumu yake hayabebi zaidi ya kilo 750, laweza kwenda bila breki. Likipita hapo, breki ni lazima. Na likipita kilo 2,000, kila gurudumu liwe na breki, tena kiwepo chombo cha kulisimamisha trela likichomoka nyuma ya gari.

Muundaji na aukumbuke pia mzani. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Basi tangi la lita 80 ni sawa na mtu mzima aliyeketi humo safari nzima. Mafundi wa huko hushauri kwamba yapata sehemu 1 katika 10 ya uzito wote ielemee kwenye ndoano ya gari. Mwenye kurundika tangi, jokofu na kabati nyuma ya magurudumu hutengeneza mkia utakaoyumba, na ukishika mwendo utalipindua gari pamoja na waliomo.

Sasa tumtazame mwenye kufufua. Karavani kuukuu iliyokwisha kuandikishwa ina faida moja kubwa: ina namba na hati zake. Ikiwa muda wa kibali umepita, kwa kawaida itakaguliwa tu, ingawa taratibu hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Lakini uzee huficha maradhi. Nyingi za zamani zina mifupa ya mbao iliyovikwa bati la alumini. Maji hupenya kwenye maungio, mbao zikaoza huku bati likiendelea kung'aa. Usinunue rangi. Bonyeza kuta kwa kidole, hasa pembeni na chini ya madirisha, panapobonyea pameoza. Ingia chini uchunguze kutu ya chesisi. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi: 2318 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Tairi lililozeeka hupasuka hata likiwa na meno mazima. Na ukiona chesisi yote yahitaji kubadilishwa, uliza kwanza, kwani huenda likahesabiwa kuwa trela jipya, na ile faida ya hati ikapotea.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye fedha za kiinua mgongo na asiye fundi wa kuchomea chuma, na achague kuukuu yenye chesisi nzima na hati halali, hata kama ndani yake inachukiza. Godoro na mapazia hubadilishwa kwa siku moja. Aliye fundi kweli na aunde, lakini apeleke mchoro wake kwa wakaguzi kabla ya kukata chuma cha kwanza. Kwa wote wawili, kazi ya gesi na umeme ni ya fundi mwenye leseni.

Polisi akisimamisha trela barabarani hasifu mapazia. Hutazama namba, breki na taa. Wala hafanyi hivyo kwa ukali. Nyuma ya trela hilo huja gari la mtu mwingine, na ndani yake mna mama na watoto wake.