Tofali Lililobaki

Mtu apitaye penye nyumba mpya, akaona rundo la matofali limesalia uani, pengine humsifu mwenye nyumba, akisema, "Huyu anacho, hata kimemzidi." Sifa hiyo haimfai. Matofali yale hayakuota kama uyoga. Udongo ulichimbwa, ukakandwa. Tanuu likapangwa, magogo yakatiwa chini yake, moto ukawaka usiku na mchana. Kila tofali lililosalia limekula kuni zake, na miti hiyo imekatwa bure.

Simenti nayo ni vivyo hivyo, tena zaidi. Jiwe la chokaa huchomwa kwa moto ufikao nyuzi 1,450, na mbali na moshi wa moto, jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa, ambayo huzidisha joto la dunia. Basi fundi aletaye mifuko arobaini mwanzo wa masika, na msingi haujachimbwa, atakuta mingine imekuwa mawe.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 Wajapani walikuwa na upungufu wa kila kitu. Taiichi Ohno, msimamizi katika kiwanda cha motokaa cha Toyota, aliwafundisha watu wake wasifanye kitu kabla hakijahitajiwa. Kungoja bure, kuweka akiba isiyo na kazi, kukosea na kurudia, upotevu huo wote Wajapani huuita "muda". Neno hilo halina udugu na muda wa Kiswahili, walakini Mswahili akilisikia hucheka, maana apotezaye mali hupoteza na muda. Mwaka 1992 Lauri Koskela, mtu wa Finland, aliandika katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ya kuwa wajenzi nao yawapasa kujifunza njia hiyo.

Wengine hujibu ya kuwa kununua vingi pamoja ni rahisi, tena mvua hufunga barabara. Kwa mchanga na mawe neno hilo ni kweli. Kwa simenti si kweli. Wala hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi akipewa urefu na kimo cha ukuta, akatoa milango na madirisha, aweza kutaja matofali yatakiwayo, na kuongeza machache kwa yatakayovunjika. Mali bila daftari huisha bila habari. Fundi hodari hupima vyumba kwa urefu wa tofali, asije akakatakata matofali penye pembe, naye humpa mchomaji idadi kabla tanuu halijapangwa.

Hata tanuu lenyewe laweza kuachwa: udongo uliochanganywa na simenti kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, hukomaa kivulini pasipo kuni hata moja.