Bega halijui kama ni mkuki au ni mpunga

MZAZI mwenzangu, msimu wa UMISSETA ukikaribia tunafurahi mtoto akichaguliwa kurusha mkuki au kucheza mpira wa mikono. Lakini kwetu Kyela majira hayo hukutana na mavuno ya mpunga. Aliyerusha mkuki mara 40 shuleni Ijumaa, Jumamosi yuko shambani akipiga mpunga, au yuko Matema akivuta kasia. Mwalimu anahesabu mkuki tu. Anayejua hesabu nzima ni wewe.

Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa mfano wa chungwa juu ya kisosi. Kinachokituliza hapo ni misuli minne midogo na kano zake. Misuli ikichoka, kano huanza kuchakaa kidogo kidogo. Kwa mtoto anayekua, mfupa wenyewe una sehemu laini ya kukulia karibu na bega, nayo huumia kwa urahisi.

Mtazame Julius Yego wa Kenya, aliyerusha mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015. Kabla mkono haujaachia mkuki, miguu imekimbia, nyonga imegeuka, kifua kimefuata. Mkono unamalizia tu. Mtoto anayerusha kwa mkono peke yake analibebesha bega kazi ya mwili mzima. Uzito nao una maana: mkuki wa wanaume ni gramu 800, wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni gramu 500. Penye mkuki mmoja, wote hurusha huohuo.

Dalili ni hizi: maumivu anaporusha, kuamka usiku akilalia upande huo, kushindwa kuinua mkono kuvaa sare. Usimwambie ajikaze, wala usimpeleke kuvutwa bega. Aache kurusha, aache na kupiga mpunga. Yakizidi wiki mbili, aende hospitali. Sehemu ya kukulia ikiumia, mapumziko huweza kufika miezi mitatu. Bega likitoka, tegemeza mkono kwa kanga na umpeleke siku hiyohiyo.

Kukosa mashindano ya mwaka huu kutamuuma, lakini mwakani yapo mengine. Jioni muulize: leo mkono umefanya kazi gani? Kisha jumlisha mwenyewe.