Chanjo ya Ndigana na Mwenye Ng'ombe Wawili

Wako wenzetu wanaodhani kwamba uchunguzi wa molekuli ni kazi ya mabwana wenye makoti meupe, isiyomhusu mfugaji wa kijijini. Hatukubaliani nao. Ndigana kali huletwa na kupe. Kijidudu chake, Theileria parva, huingia katika chembe nyeupe za damu ya ng'ombe na kuzilazimisha zizaane ovyo mithili ya saratani, na mara nyingi ndama hafiki mwezi.

Mwaka 2005 wataalamu walichapisha mpango mzima wa urithi wa kijidudu hicho, wenye jeni zipatazo 4,000. Mwaka 2022 wengine, wakiwamo wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walitangaza kwamba katika ukoo mmoja wa ng'ombe wa Boran wameona sehemu ya urithi inayowawezesha wengi kustahimili ugonjwa huo. Wazee wetu wafugaji, waliojua tangu zamani kuwa ukoo na ukoo haulingani, hawatashangaa sana.

Lakini jeni haijamfikia mfugaji. Iliyopo ni chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: ng'ombe huchomwa vijidudu hai na papo hapo hupewa dawa ya oksitetrasaiklini, ili augue kidogo tu na kupona. Sindano hiyo moja humkinga kwa miaka mingi. Taabu imo katika ufungaji wake. Vijidudu hutunzwa ndani ya naitrojeni iliyofanywa maji kwa baridi kali, nao mrija mmoja hutosha makumi ya ng'ombe. Ukishayeyushwa haugandishwi tena. Mwenye kundi kubwa huitiwa mtaalamu. Mwenye ng'ombe wawili huambiwa angoje.

Angoje nini? Twauliza vyama vya ushirika na matawi yetu yaliyo katika nchi ya mifugo, maana hapa hakuna siri ya maabara. Yatakiwa daftari la ndama wa kijiji kizima, siku iliyotangazwa mapema, na josho la kukutania. Gharama ya mrija na ya safari ya mtaalamu igawanywe kwa kila kichwa cha ng'ombe, mbele ya wote. Wala josho lenyewe lisiachwe baada ya chanjo, kwani kupe huleta maradhi mengine ambayo sindano hii haiyagusi. Daftari hilo na lianze kuandikwa sasa, kabla ya mvua kuzidisha kupe.