Tuache Kusema "Mwambie"

Lipo neno moja ambalo, ningekuwa na madaraka, ningelipiga marufuku katika kila zahanati, benki, ofisi ya kata na shirika linalojiita la kuhudumia watu wenye ulemavu. Si tusi. Ni "mwambie".

"Mwambie avue shati." "Mwambie aje Jumatatu." "Mwambie asaini hapa." Maneno haya husemwa mbele ya kiziwi, mtu mzima mwenye akili zake timamu, huku anayetazamwa usoni ni yule aliyemsindikiza. Ninyi wapenzi wa lugha mtanielewa haraka. Mtu anayesikia huambiwa "vua shati", "njoo Jumatatu". Yeye ni nafsi ya pili, yumo kwenye mazungumzo. Kiziwi hupelekwa nafsi ya tatu. Amekaa pale pale kwenye kiti, lakini kisarufi ameshatolewa nje.

Nadhani lugha yetu imechangia. Kwa Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio peke yake. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Kusikia ni kutii: mtoto mtukutu "hasikii", na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kusikia ni kuelewa pia, ndiyo maana mzazi akimaliza kufoka huuliza, "Umenisikia?" Ukikulia ndani ya lugha hii, ni rahisi mno kudhani kwamba asiyesikia kwa sikio haelewi kitu. Sawa, mtego upo. Lakini mtu anayelipwa mshahara kuhudumia viziwi hana kisingizio cha kuukanyaga kila asubuhi.

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu, fundi cherehani mwenye watoto watatu, kwenye ofisi moja iliyokuwa ikipokea maombi ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Fomu alikuwa ameijaza mwenyewe nyumbani, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Ofisa akaichukua, akaisoma, kisha akaniuliza mimi: "Anajua kusoma?" Nikamjibu amuulize mwenyewe. Akacheka kwa huruma, ile huruma ya kumpapasa mtoto kichwani, akasema, "Hawa ni watu wazuri sana, hawana makuu." Halafu akakata namba ya simu ya rafiki yangu na kuandika yangu. Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo la huduma hiyo hiyo: kwa maelezo zaidi, piga simu. Piga simu, jamani! Na mtu mwenyewe anapokea oda za wateja kwa WhatsApp kutwa nzima.

Hapo kilichokuwa hatarini ni mkopo. Hospitali ni habari nyingine. Mama kiziwi anaingia kliniki na wifi yake, au na mtoto wake wa miaka kumi, kwa sababu hakuna mkalimani. Majibu ya VVU, mimba iliyoharibika, swali kama mumewe anampiga, yote yanapita kwa huyo wifi au kwa huyo mtoto. Siri ambayo mimi na wewe tunapewa bila hata kuiomba, yeye haipati. Na wifi akiamua kupunguza maneno, nani atajua? Ukihoji unaambiwa, "Si ndugu yake lakini?"

Najua utetezi. Wakalimani ni wachache, bajeti haitoshi, na nia ni njema. Uchache wa wakalimani ni kweli. Ni kweli pia kwamba karatasi na kalamu havitoshi, maana viziwi wengi hawakupata shule ya maana, na kwa waliopata, Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Lugha ya Alama. Lakini kumtazama mtu usoni kunahitaji bajeti gani? Kumuuliza "unataka nani akutafsirie?" kunasubiri wafadhili gani?

Na nia njema haikuanza jana. Mwaka 1880, mjini Milan, Italia, walimu wa viziwi walikutana wakapitisha azimio kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko ishara, na ishara ziondolewe madarasani. Waliopiga kura karibu wote walikuwa watu wanaosikia, na walisema ni kwa faida ya viziwi. Katika nchi nyingi, vizazi vya watoto viliadhibiwa kwa kutumia mikono yao kuzungumza. Ilipita miaka 130, hadi mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ndipo mkutano huo wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipoyakataa rasmi maazimio yale na kueleza majuto.

Hapa kwetu tumebadilisha majina tu. Kwenye semina utasikia "watu wenye changamoto ya usikivu", yanatamkwa taratibu kana kwamba neno kiziwi litamvunja mtu mbavu. Wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila kumung'unya maneno. Jina tumelipamba, "mwambie" tumeliacha pale pale.

Anayedhani kiziwi lazima aongozwe na kushikwa mkono amsome Andrew Foster. Mmarekani huyo mweusi, kiziwi, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na kabla ya kufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika. Huyu alikuwa mtoa huduma. Kwenye ofisi zetu angeulizwa amekuja na nani.

Wala sheria si ngeni kwetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 21 kinataka serikali zikubali na ziwezeshe lugha za alama katika shughuli rasmi. Jirani zetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, waliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza.

Kwa hiyo wanaotoa huduma wafanye mambo matatu. Wawalipe wakalimani, na kiziwi ndiye aamue nani aingie naye chumbani. Waajiri viziwi kwenye madawati hayo hayo ya viziwi, si kwenye picha za kalenda tu. Na wakati bajeti ikisubiriwa, mfanyakazi ageuze shingo, amtazame mwenye shida yake, na amwite "wewe". Hilo la mwisho linaweza kuanza kesho saa mbili asubuhi, ofisi zikifunguliwa.