Uliza Maji Yalifika Wapi

Yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga jijini Nairobi anaujua ugonjwa huu. Huanza Jumapili jioni. Jirani wa ghorofa ya juu anaburuta meza, maji yamekatika tangu Ijumaa, na mwenye nyumba amebisha hodi kuwaarifu kwamba kodi itapanda mwezi ujao. Baba humtazama mama, mama humtazama baba, na mmoja wao husema: "Tuhame."

Kwetu sisi ugonjwa huo una jina, nalo ni Naivasha. Mji huo uko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi na kama 70 kutoka Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Mke wangu alikuwa amepiga hesabu zake zote. Yeye angetafuta kazi upande wa Nakuru, mimi ningekuja Nairobi siku tatu kwa wiki, nao watoto wangekua wakitazama ziwa na ndege badala ya ukuta wa jirani. Tulikuwa tumeweka akiba kwenye chama cha ushirika kwa miaka tisa, na wakati wote huo hatukununua hata kochi jipya.

Jumamosi moja dalali akatupeleka kando ya ziwa. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala, imesimama chini ya migunga mirefu yenye magome ya manjano. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka majini na kivuli kilikuwa kizuri ajabu. Bei nayo ilikuwa chini kuliko ya nyumba tulizoziona ng'ambo ya barabara, mimi nikaiita bahati. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya zamani. Nikadhani ni urembo.

Dalali alitaka arubuni ya asilimia 10 kabla ya Jumatatu, kwa maelezo kwamba kuna daktari fulani aliyekuwa akiitaka nyumba hiyo hiyo. Nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa nimeshatoa simu kuangalia salio la benki.

Mke wangu alikuwa ameusogelea ua, ambako mzee mmoja alikuwa akilisha mbuzi.

"Habari yako, mzee?"

"Nzuri, mwanangu. Mmekuja kununua?"

"Ndiyo, Mungu akijalia. Mzee, ziwa likijaa, maji hufika wapi?"

Mzee hakuelekeza fimbo yake ziwani. Aliielekeza kwenye mgunga uliokuwa karibu na mlango wa jikoni. "Mwaka ule wa korona," akasema, "mashua tuliifunga pale."

Tukaagana na dalali. Nilinuna njia nzima, kana kwamba aliyeijaza nyumba ile maji alikuwa mke wangu. Tulipofika Kinungi akaniuliza, "Baba, umenuna kwa sababu nimeuliza, au kwa sababu nimejibiwa?" Sikuwa na jibu wakati huo. Ninalo leo, na ndiyo sababu ninaandika makala hii.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka humo juu ya ardhi. Maji yake huletwa zaidi na mito Malewa na Gilgil, kwa hiyo mvua inayonyesha milima ya Nyandarua ndiyo huamua ukingo wa ziwa utakuwa wapi. Mwaka 2009 lilikuwa limepungua kiasi cha kuwatia watu hofu kwamba linakauka. Tangu mwaka uliofuata likaanza kupanda, pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Mwaka 2020 liliingia katika mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 likarudi mtaani humo kwa kishindo, hata watu wakahamishwa kwa mashua wakiwa wamebeba magodoro na masufuria. Wengi wa waliohama si matajiri wenye nyumba za wikendi. Ni wafanyakazi wa mashamba ya maua na wafanyabiashara wadogo, ambao nao walitaka tu kutoroka kodi.

Tena ile migunga iliyotuvutia ndiyo iliyokuwa shahidi wa kwanza, sisi hatukumsikiliza. Mgunga wa manjano hupenda kumea mahali ambapo maji yako karibu chini ya udongo, kandokando ya maziwa na vinamasi. Wazungu wa zamani waliuita mti wa homa kwa sababu waliopiga kambi chini yake waliugua malaria. Kosa halikuwa la mti, lilikuwa la mbu waliozaliana kwenye maji yaliyo karibu. Basi ukiona msitu wa migunga hiyo, furahia kivuli chake, lakini ujue kwamba uko mahali ambapo maji hayako mbali. Na ukiona mingine imekauka huku imesimama majini, ujue ziwa limeshapita hapo.

Sisemi msinunue huko. Nasema mnunue macho yakiwa wazi. Kwanza, nendeni mara mbili, msimu wa kiangazi na msimu wa mvua, na mwaulize wenyeji wasiopata senti katika mauzo hayo. Sheria ya maji hailindi ukingo kwa kupima pale maji yalipo siku mliyokwenda kutembea. Hutazama yalikowahi kufika yakiwa juu kabisa. Aliyejenga ndani ya mpaka huo anaweza kubomolewa, hata kama ana risiti zote.

Pili, hati. Katika Bonde la Ufa, ploti nyingi zilitokana na kampuni na vyama vya kununua ardhi, na hadi leo kuna watu wanaouza kwa cheti cha hisa. Cheti cha hisa si hatimiliki. Mtafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji, akague rekodi katika ofisi ya ardhi, na mmlipe mpimaji awaonyeshe vigingi vya mpaka. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, lazima bodi ya udhibiti wa ardhi iidhinishe mauzo, na ombi hilo lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba kuandikwa. Bila idhini hiyo, mkataba ni kazi bure. Wekeni kando pia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Familia nyingi husahau fedha hizo, kisha hukopa wakati ambapo hawana tena kitu cha kuweka rehani.

Tatu, maji ya kunywa. Ni ajabu mtu kuishi kando ya ziwa la maji matamu na kukosa maji, lakini visima vingi vya Bonde la Ufa vina fluraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanayozidi hapo huharibu meno ya watoto ambayo bado yanaumbika, yakaota na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa na mswaki wowote. Kuchemsha hakuiondoi. Chukueni chupa moja ya maji ya kisima mpeleke maabara kabla ya kulipa arubuni.

Nne, viboko. Hutoka ziwani usiku kula nyasi, na hawajui kwamba mmenunua. Nyumba iliyo karibu na maji inahitaji ua imara, na watoto wanahitaji kufundishwa kwamba jua likizama mchezo wa nje umekwisha.

Mwaniuliza sisi tumefikia wapi? Bado tunapanga, na jirani wa juu bado anaburuta meza. Tumeona kiwanja upande wa juu wa barabara, mahali pakavu penye miti michache, ambapo ziwa huonekana kama kitambaa cha fedha kwa mbali. Binti yetu mdogo hakufurahi. Alikuwa ameshachora nyumba yake chini ya mti wa manjano na kuibandika kwenye friji.

Mama yake hakuibandua. Alichukua kalamu ya rangi, akachora mashua imefungwa kwenye ule mti, kisha akamweleza mtoto kwa nini.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.