Ngozi ya Mtoto Mchanga Wakati wa Kipupwe



Usiku mmoja baada ya Swala ya Isha, kijana mmoja miongoni mwa waumini wa msikiti wetu hapa Namanyere alinisubiri mlangoni, mkononi ameshika chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. Binti yake ana miezi minne. Mashavu na miguu yake imekauka hadi kupasuka, na usiku halali kwa kuwashwa. "Ustadh," akaniambia, "tunampaka kila siku kama ulivyotufundisha darasani, lakini hali inazidi kuwa mbaya."

Nilinyamaza kidogo. Ni kweli nilisomesha hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi inayohimiza kula mafuta ya zeituni na kujipaka. Nisichokieleza siku ile ni kuwa hadithi hiyo haikumzungumzia mtoto mchanga mwenye ngozi iliyojeruhika. Upungufu ulikuwa wangu, na ndiyo sababu naandika leo.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapaka watu wazima mafuta ya zeituni mikononi kwa wiki kadhaa. Utando wa juu wa ngozi, ule unaozuia maji ya mwili yasipotee, ulidhoofika, na wengine ngozi iliwageuka nyekundu. Ikiwa mkono wa mtu mzima umedhurika, shavu la mtoto lenye ngozi nyembamba zaidi litasalimikaje? Zeituni inabaki na baraka zake mezani. Fiqhi nayo imetufundisha kuwa madhara huondolewa.

Huku kwetu Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia Juni baridi ya nyanda za juu huandamana na upepo mkavu, nasi kwa huruma tunamwogesha mtoto kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kwa sabuni ile ile ya mche inayofulia nguo. Huruma hiyo ndiyo inayomkausha. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Mtoto asiyetambaa hahitaji kuoga mwili mzima kila siku: mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, mradi uso, shingo na sehemu za nepi zisafishwe kila siku. Na aliyezaliwa leo asiharakishwe kuogeshwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau saa 24.

Akishatoka majini, afutwe kwa kugusishwa taulo bila kusuguliwa, kisha apakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa na bei yake ni nafuu. Soma maandishi ya kopo: picha ya mtoto mchanga juu yake si dalili kuwa hayana manukato. Mama zetu wapendao kufukiza nguo za mtoto kwa udi watanisamehe, lakini moshi na marashi humzidishia mwasho. Sweta la sufu nalo lisiguse ngozi. Litanguliwe na fulana ya pamba.

Ninaloliogopa zaidi ni zile krimu kali zinazouzwa madukani, ambazo huondoa wekundu kwa siku mbili. Nyingi zina steroidi. Kwa mtoto dawa hiyo hupenya ngozi kwa urahisi na kuingia mwilini, na ikitumiwa ovyo huikondesha ngozi. Steroidi ina mahali pake katika tiba ya pumu ya ngozi, ila kwa kipimo cha daktari.

Ngozi ikitoa majimaji, ikifanya gamba la manjano, au mtoto akipata homa na kukataa kunyonya, asisubirishwe hadi siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yule kijana nilimwomba ampeleke binti yake asubuhi iliyofuata, na chupa ile aende nayo akamwoneshe daktari.