Kiti cha Mpiga Siiriri

Watu wengi wa Matulo hudhani ya kuwa bendi hushindwa jukwaani, mbele ya waamuzi. Mimi, niliyeshika daftari la bendi moja ya litungu kwa miaka kadhaa, nina shauri jingine. Aghalabu bendi hushindwa nyumbani, siku ile karatasi ya majina ya wasafiri inapoandikwa. Siku hiyo hakuna apigaye makofi wala azomeaye, lakini hukumu yake haina rufani.

Yafaa kwanza nieleze bendi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji wasiokaa upande huu wa mto Nzoia. Litungu ndilo bwana wa nyumba. Lina nyuzi 7, tofauti na nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii zenye nyuzi 8, na mpigaji hulipiga hali ameketi. Kando yake yuko mpiga siiriri, chombo chembamba kipigwacho kwa upinde, ambacho sauti yake ni kama ya mtu aliaye ng'ambo ya bonde. Kisha zafuata ngoma, njuga, waitikiaji, na wachezaji wa kamabeka, yaani mchezo wa mabega. Kwetu sisi jumla yao ni watu 16, na hapo sijamhesabu mtu mwenye cheo.

Sasa tazama gari. Matatu ya kawaida huchukua abiria 14, na tangu kanuni za mwaka 2004 kila abiria sharti awe na kiti chake na mkanda wake. Kanuni hizo ni njema, wala sitaki zile enzi za kupakatana zirudi. Ila wazee wetu walikuwa na gari moshi. Njia ya reli ya kwenda Uganda ilipita hapa Webuye, wakati ule ikiitwa Broderick Falls, na behewa la daraja la tatu halikumwuliza mtu kama kile alichobeba ni mtoto au ni ngoma. (Aliyetaka kwenda Kitale kwa reli ilimbidi aende kwanza mashariki hadi Leseru, karibu na Eldoret, ndipo ashike tawi la kurudi kaskazini-magharibi. Msafiri wa siku zile alikuwa na subira.)

Basi mwaka huo tulialikwa Nairobi, katika sherehe ya muziki ya taifa. Sherehe za namna hii zilianza nchini mwaka 1927, kwa mkono wa Wazungu na kwa ajili ya nyimbo zao wenyewe; kwamba leo litungu lasikilizwa humo na waamuzi wenye kalamu mkononi ni jambo ambalo yafaa tulione kuwa kubwa. Tulikuwa na fedha za kukodi gari moja tu. Kamati ilikutana, nami nikaandika majina kama nilivyoambiwa. La kwanza lilikuwa la mwenyekiti. La pili, makamu wake. Mweka hazina hakuweza kubaki, kwa maana fedha haziwezi kusafiri peke yake. Kisha akaongezwa ndugu mmoja wa kumwakilisha mfadhili wetu. Viti 4 vikawa vimekwisha, na hakuna hata uzi mmoja uliokwisha kuguswa.

Zikabaki nafasi 10 kwa watu 16. Wachezaji wakapunguzwa, kisha waitikiaji, na mwisho mmoja akasema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba Kuka naye apumzike. Kuka ni jina tumwitalo mpiga siiriri wetu, kwa kuwa ni rika la babu zetu wote. Sababu zilitolewa: goti lake humlazimu dereva kusimama mara kwa mara, siiriri ni chombo kidogo, Nairobi kuna vipaza sauti, na litungu litajaza ukumbi.

Karani hana kura katika kamati ile, lakini ana kalamu. Niliomba ruhusa nikasoma orodha kwa sauti, na kila jina nikalifuatisha na kazi ya mwenye jina hilo jukwaani. Nilipofika kwa wale wanne wa mwanzo nilisoma jina, nikanyamaza kidogo, nikaendelea. Sikutia neno la dharau. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwungwana, alicheka kwanza kisha akainamisha kichwa. Mwishowe yeye na mweka hazina walisema watapanda basi kwa nauli zao wenyewe, na wale wawili wengine walibaki. Viti vyote 14 vikawa vya wapigaji, waimbaji na wachezaji. Wachezaji wawili hawakwenda, na jambo hilo lingali laniuma, kwa maana walikuwa wamefanya mazoezi tangu mavuno.

Tuliondoka alfajiri. Kutoka Webuye hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 400, lakini kwa litungu urefu wa njia si taabu. Taabu ni kupanda na kushuka. Kwetu ni mita zipatazo 1,500 juu ya bahari. Timboroa ni zaidi ya 2,700, penye ukungu na baridi. Kisha washuka Nakuru kwenye jua kali. Ngozi hulegea kwa unyevu na kukaza kwa ukavu, na nyuzi hufuata ngozi. Kwa hiyo chombo kilichotoka Matulo kikiimba hufika kikinung'unika. Tena asiyejua hukifunga juu ya paa la gari, ambako jua laweza kukipasua. Kuka alilishika lile litungu mapajani mwake, amelifunika blanketi, na siiriri yake akaiweka nyuma ya mgongo. Gari lilisimama mara 5 kwa ajili ya goti. Niliandika.

Tulipofika, kijana wetu wa litungu alianza kulinganisha nyuzi kwa kufuata simu yake ya mkononi, na simu haikusema uongo. Lakini Kuka alimwita mwimbaji wetu mkuu, akamwambia, "Mwanangu, imba." Alikuwa na mafua ya Timboroa, sauti imeshuka. Mzee akaishusha siiriri hadi ilipoikuta sauti ile, kisha akamwagiza kijana ashushe nyuzi zote 7 ziifuate. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya chombo kile kidogo.

Hatukupata nafasi ya kwanza. Mwamuzi mmoja alisema wachezaji wetu walikuwa wachache, na alisema kweli; akasema pia kwamba nyuzi na sauti vilishikana kama kitu kimoja.

Jioni ile tulikutana na bendi nyingine ya litungu kutoka upande wa Kitale. Msomaji akumbuke kuwa Trans Nzoia ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa nayo Bungoma katika Mkoa wa Magharibi, hata mashindano yetu hupita njia mbili, na watu wa lugha moja, wenye nyimbo zilezile, huenda wasionane mpaka wafike ugenini. Tulisalimiana kwa furaha. Niliwatazama nikaona hawana siiriri. Nilipouliza, kiongozi wao alisema mzee wao aliachwa nyumbani mwaka mmoja kwa sababu ya nafasi garini, na mwaka uliofuata hakualikwa. Sasa amefariki, na hakuna kijana aliyefundishwa. Alisema hayo kwa upole, huku akitazama upinde wa Kuka, kisha akaomba aushike.

Juma lililopita umekuja ujumbe kutoka Kiminini: wana vijana wawili walio tayari kujifunza, nao waomba mzee awafikie kwa mwezi mmoja. Kutoka Matulo, kwa njia ya Misikhu na Kamukuywa, ni safari isiyofika kilomita 80, na nauli watatoa wao. Kuka amekubali. Ameomba jambo moja tu, nami nimeliandika katika barua ya majibu: apewe kiti cha mbele, kwa ajili ya goti.